Uvimbe wa Taya na Siri Iliyomo Damuni

Msikilizaji mpenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao ulimwengu uliujua kupitia Afrika Mashariki, nao ni limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi ambayo hushambulia zaidi watoto. Mimi si daktari, ila nimeifuatilia historia yake na naona ina somo kwetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa bara. Waligundua kwamba ugonjwa hupenda sehemu za joto na mvua, kule kule kwenye malaria.

Mwaka huo huo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1982 wanasayansi walionyesha kwamba katika uvimbe huu kinasaba kiitwacho MYC huhama, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14. Kikishahamia huko huamrisha chembe zigawanyike bila kikomo. Ndiyo maana uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Hapo ndipo penye uchungu, msikilizaji. Dawa za kuutibu zimekuwapo tangu miaka ya 1960, na watoto hupona. Lakini ili kuuthibitisha, sharti kinyama kikatwe na kisomwe na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache. Mzazi huambiwa ni jino bovu, au ni kifua kikuu cha tezi. Majibu yakichukua wiki kadhaa, uvimbe haungoji.

Sasa kuna njia nyingine. Mwaka 1948 Wafaransa wawili, Mandel na Métais, walionyesha kwamba vipande vya DNA huelea katika majimaji ya damu. Chembe za saratani zinapokufa nazo humwaga vipande vyake humo. Kwa hiyo mabadiliko ya MYC, pamoja na DNA ya kirusi cha Epstein, yanaweza kutafutwa kwa kuchota damu mkononi. Watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakikijaribu kipimo hiki kwa watoto na vijana wetu.

Mashine zake ni ghali, na vitendanishi vyake pia. Lakini utafiti una mwisho, na wafadhili huondoka. Zamani vinyama vilipanda ndege na elimu ikachelewa kurudi. Safari hii damu isomwe hapa hapa, na serikali zetu zitenge fungu lake kabla mfadhili hajafunga mizigo. Mtoto mwenye taya lililovimba hana wiki za kusubiri.

Yangu ni hayo. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.