Chanjo Iliyoitangulia Sheria: Historia ya Udhibiti wa Dawa za Mifugo Afrika Mashariki

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Simiyu mwezi Juni 2025, pamoja na mabishano yaliyozuka Kenya miezi michache kabla yake juu ya mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, vimelirudisha hadharani swali ambalo eneo hili limelibeba kwa zaidi ya karne moja: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua dawa gani iingie katika mwili wa mnyama, na ni nani anayestahili kushika sindano.

Sheria za kwanza za mifugo katika makoloni ya Afrika Mashariki zilizaliwa na hofu ya magonjwa kuliko haja ya kutibu. Sotoka, ugonjwa wa virusi ulioangamiza ng'ombe wengi mno katika miaka ya 1890, iliwafundisha watawala kutegemea karantini, yaani marufuku ya kuhamisha mifugo kutoka eneo lenye ugonjwa, na kwa miongo mingi mfugaji Mwafrika aliijua sheria ya mifugo kama amri ya kumzuia asifike mnadani. Sheria za kusajili madaktari wa mifugo zilifuata baadaye, ile ya Kenya ikitungwa mwaka 1953, lakini zilimhusu daktari mwenye shahada, ambaye wafugaji wengi hawakuwahi kumwona.

Hakuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi pengo kati ya sheria na zizi kuliko ndigana kali, ambayo huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva na kuenezwa na kupe wa kahawia anayeng'ang'ania masikioni mwa ng'ombe. Ugonjwa huo ulipozuka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ng'ombe kusafirishwa huko kutoka pwani ya Afrika Mashariki, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch aliitwa Rhodesia mwaka 1903 kutafuta kinga, lakini njia aliyoipendekeza, ya kuwachoma ng'ombe wazima damu ya wale waliopona, haikufaulu. Silaha iliyobaki ikawa josho, yaani birika la dawa ya kuua kupe ambamo ng'ombe huogeshwa mara kwa mara.

Ufumbuzi ulipatikana Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika kituo cha utafiti kilichohudumia nchi zote tatu za iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ambako mtafiti Walter Plowright alikuwa amekwisha kutengeneza chanjo iliyochangia kutokomezwa kwa sotoka duniani, kama ilivyotangazwa mwaka 2011. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Muguga walikuwa wamekamilisha njia ya kuambukiza na kutibu: kupe wenye vijidudu husagwa, majimaji yanayopatikana hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, kisha ndama hudungwa vijidudu hivyo hai na papo hapo hupewa antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa muda mrefu, ili augue kidogo tu na kubaki na kinga imara. Mchanganyiko wao ulikuwa na aina tatu za vijidudu, mojawapo ikiwa imetokana na nyati wa Serengeti.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wataalamu wa serikali nchini Kenya walihofia kwamba ng'ombe aliyechanjwa angeendelea kubeba vijidudu hivyo, kupe wangevisambaza, na aina ngeni ingeota mizizi mahali ambapo haikuwapo, kwa hiyo nchi iliyoizaa chanjo ikasita kuitumia, ikapendelea aina moja ya vijidudu iliyopatikana Marikebuni, katika pwani yake yenyewe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wa kisayansi, lakini wakati mabishano yakiendelea maofisini ndama waliendelea kufa. Upande wa Tanzania, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini waliichangamkia, wakilipia kutoka mifukoni mwao. Kwa kuwa mrija mmoja wa chanjo una dozi za ndama wengi, na ukishayeyushwa hauna budi kutumika ndani ya saa chache, majirani walikubaliana siku, wakakusanya ndama mahali pamoja, na kila aliyechanjwa akavikwa hereni ya sikio, ambayo baadaye ikawa ushahidi wa kumpandishia bei mnadani. Laki kadhaa za ndama zilikuwa zimechanjwa kabla ya chanjo kupata usajili kamili nchini Tanzania, Kenya na Malawi, mnamo mwanzo wa miaka ya 2010.

Sheria nazo zilikuwa zikibadilika. Mwaka 2003 Tanzania ilitunga Sheria ya Veterinari, inayosimamiwa na Baraza la Veterinari na inayowatambua pia wataalamu wasaidizi wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa daktari, na mwaka huohuo ikatunga Sheria ya Magonjwa ya Wanyama na ile ya chakula, dawa na vipodozi, iliyoweka dawa za mifugo chini ya mamlaka ambayo tangu 2019 inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kenya ilitunga sheria yake mpya ya veterinari mwaka 2011, na kwa kanuni za mwaka 2015 ikaanzisha kurugenzi ya dawa za mifugo, hatua iliyozua mvutano na wafamasia.

Pamoja na sheria zote hizo, leo oksitetrasaiklini ileile inauzwa katika maduka ya pembejeo bila cheti cha daktari, mfugaji huikadiria kwa macho, na maziwa hupelekwa sokoni kabla ya kwisha kwa muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mazao ya mnyama aliyetibiwa hayapaswi kuliwa. Matokeo yake ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, janga linalomfikia hata mtu asiyefuga kuku mmoja. Kumlaumu mfugaji peke yake si haki, kwa sababu yeye hununua kwa mtu aliye karibu, na mtaalamu aliyesajiliwa mara nyingi yuko mbali.

Wafugaji wa kaskazini walithibitisha kwamba watu hulipia huduma bora na kufuata masharti yake pale mtaalamu anapowafikia. Serikali zinazotumia mabilioni kuchanja mifugo hazina budi kuajiri maofisa mifugo wa kutosha katika kila kata, kukagua maduka ya dawa kwa dhati, na kuwaeleza wafugaji kilichomo ndani ya chupa kabla ya sindano kuchomwa.