Bei moja iliyoifanya Ufipa kuwa ghala la taifa

Februari 5, 2027 Azimio la Arusha litatimiza miaka 60. Kila kumbukumbu kama hii inapokaribia, hoja zilezile hurudi. Upande mmoja husema ujamaa ulishindwa, na ushahidi wake ni maduka matupu na foleni za sukari na sabuni. Upande wa pili husema haukushindwa bali uliangushwa na ukame, bei ya mafuta na Vita vya Kagera. Pande zote mbili huuzungumzia kana kwamba ulikuwa kitu kimoja. Kwa mkulima wa Kasense, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga lakini inayoishi kwa jembe, ulikuwa vitu viwili: shamba la pamoja na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Shamba la pamoja halikumfikisha mbali. Bei moja iliibadilisha Ufipa yote, nchi ya Wafipa inayoizunguka Sumbawanga, na ndiyo isiyotajwa kwenye makongamano ya Dar es Salaam.

Kwa nini shamba la pamoja halikushika mizizi? Jibu zuri zaidi limo katika maandishi ya mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na baadaye akaandika historia ya nchi hiyo kabla ya ukoloni. Willis aliwakuta Wafipa wakiishi katika vijiji vilivyoshikana, nyumba kwa nyumba, tangu zamani. Wazo kwamba wakulima wakusanywe mahali pamoja ndipo waendelee halikuwa na jipya kwao. Kulima ndiko kulikofanywa kila kaya na shamba lake. Mvua zinapokaribia kwisha, mtu hupindua majani na udongo na kuyafunika kwa mafungu ya mviringo yanayoitwa intumba, akapanda maharage juu yake. Majani huoza humo ndani, na msimu unaofuata mafungu hubomolewa, udongo ukatandazwa tayari kwa ulezi. Ni mbolea ya mboji iliyobuniwa hapahapa, bila bwana shamba. Majirani walialikana kulima, pombe ya ulezi ikanyweka, lakini mavuno yalibaki ya mwenye shamba. Kilimo cha pamoja cha vijiji vya ujamaa kiliwataka watoe jasho leo kwenye shamba ambalo hawakujua kesho litakuwa la nani.

Hatua za Azimio lenyewe zinajulikana. Septemba 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Ujamaa Vijijini, uliotaka watu waingie kwa hiari. Mwaka 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambacho wakulima wa Litowa walikuwa wamekianzisha wenyewe kwa hiari hiyohiyo. Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi kule Ismani. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Mwaka 1974 ukazaliwa Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ikitolewa Mbeya na Mpanda ikitolewa Tabora. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa bila wanachama kuulizwa. Mwaka uliofuata Mwalimu mwenyewe, katika tathmini yake ya miaka kumi, alikiri kwamba nchi haikuwa na ujamaa wala kujitegemea.

Sasa turudi kwenye bei. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha serikali kuagiza nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Likafuata tangazo la kilimo cha kufa na kupona, na pamoja nalo uamuzi uliopita bila kelele: mahindi yangenunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Mnunuzi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Kilo iliyopimwa kwenye mzani wa kijijini Ufipa ililipwa sawa na kilo ya Moshi au Morogoro, ingawa ile ya Ufipa ilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kufika Dar es Salaam. Mbolea nayo ikawa hivyo hivyo. Gunia lililotoka kiwandani Tanga, pembe ya pili ya nchi, liliuzwa Sumbawanga kwa bei ya Tanga.

Watu wa pwani hawakuuona uzito wa jambo hili. Ufipa ilikuwa nchi ya kutoa manamba kwa mashamba ya mkonge, kwa sababu mazao yake hayakuwa na njia ya kwenda popote. Kwa mara ya kwanza umbali haukukatwa kwenye mfuko wa mkulima. Mahindi yakaingia kwenye mashamba ya ulezi, maksai na plau vikaongezeka, na katika miaka michache Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayoilisha nchi. Hakuna aliyeswagwa ili alime mahindi hayo.

Ugomvi ukaanzia hapo, na ulikuwa mkubwa. Deborah Bryceson, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu biashara ya chakula Tanzania, anauangalia kutoka upande wa mijini, na hesabu yake ni ngumu kuikwepa. Wakulima waliokuwa karibu na miji waliiona bei ya NMC kuwa ndogo, wakauza kwa magendo. Shirika likaachiwa nafaka ya mbali, ile iliyohitaji malori mengi, dizeli nyingi na vipuri vya kigeni. Wakati huohuo lilitakiwa liuze sembe kwa wakazi wa mijini kwa bei ya chini. Pengo likazibwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, na madeni yakapanda mwaka hadi mwaka. Mahindi yalilundikana vituoni yakingoja usafiri, na mkulima aliyekwishapimiwa akasubiri malipo yake.

Mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1981 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyoongozwa na Elliot Berg, iliyozitaka serikali za Afrika ziache kupanga bei na kuyaachia masoko. Haikusaidia kukumbusha kwamba benki hiyohiyo ilikuwa imekopesha fedha za Mpango wa Taifa wa Mahindi, ulioeneza mbegu na mbolea kwa wakulima hao hao.

Wachumi waliohesabu hasara ya kusafirisha mahindi ya Sumbawanga waliiandika hasara yote kwenye daftari la ujamaa. Nasema walikosea daftari. Sehemu kubwa ya gharama ile ilikuwa ya barabara ambayo haikuwepo. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Tunduma na Mbeya, ikaiacha Ufipa nyuma ya kilomita zaidi ya 200 za vumbi na tope. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilisubiri fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, miaka kama 20 baada ya bei moja kuzikwa. Nafaka ileile, kutoka mashamba yaleyale, ingesafirishwa kwa gharama nyingine kabisa laiti lami ingetangulia. Wanaosema sera ilishindwa kwa sababu Ufipa iko mbali wajibu kwanza nani aliyeiacha mbali.

Maziko ya bei moja yalikwenda hatua kwa hatua. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, na kiwango cha nafaka ambacho mtu binafsi angeweza kusafirisha kikapandishwa hadi kilo 500. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha, na mwaka 1987 vizuizi vya nafaka barabarani vikaondolewa. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa kuanzia msimu wa 1990/91, na kufikia 1994/95 ilikuwa imekwisha. Mkulima wa Arusha akabaki na soko la mlangoni na la Kenya. Mkulima wa Kasense akabaki na mnunuzi anayekuja na lori lake, gunia la lumbesa na bei aliyoipanga njiani.

Tangu hapo serikali imekuwa ikiingia sokoni na kutoka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua Sumbawanga kadiri ya bajeti ya mwaka, nje ya kiasi hicho kila mtu na lwake. Mwaka 2017 mauzo ya mahindi nje ya nchi yalizuiwa, bei ikaporomoka, na wakulima waliofundishwa miaka 25 kwamba soko ndilo mwamuzi wakafungiwa soko lenyewe, huku mpaka wa Zambia ukiwa jirani yao. Mwaka 2022 ruzuku ya mbolea ilirudi, mfuko wa DAP wa kilo 50 ukauzwa shilingi 70,000. Ni nusu ya mpango wa zamani. Nusu ya pili, ile ya kumhakikishia mkulima bei ya mavuno kabla hajapanda, bado haijawekwa mezani, na mikoa ya kuanza kuulizwa juu yake ni ile minne iliyowahi kuiishi.