Foleni ya Intaneti: Zamu Dhidi ya Cheo

Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ya data iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Hakuna waya uliokatika. Pakiti, yaani vipande vya data, zilifurika njiani, na kompyuta zilizokosa jibu zikazidi kutuma. Mtu angedhani dawa ni kutanguliza pakiti muhimu, na nafasi hiyo ilikuwapo: tangu Septemba 1981, waraka wa kanuni za intaneti, RFC 791, ulitenga biti tatu katika kila pakiti kwa ngazi nane za kipaumbele. Lakini kila mtumaji akijipangia cheo mwenyewe, nani atakubali kuwa wa mwisho? Swali lenye manufaa lilikuwa jinsi ya kuigawa foleni, na uigaji wa kompyuta ndio uliosaidia kulijibu.

Mwaka 1989 Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker waliendeleza wazo la John Nagle: kila mtumaji awe na foleni yake, na ruta izihudumie kwa zamu. Ndani ya mtandao wa kuigiza waliweka mtu anayehamisha mafaili, mwingine anayechapa amri, na mkorofi asiyepunguza kasi. Chini ya kanuni ya anayewahi ahudumiwe kwanza, mkorofi alihodhi njia. Chini ya zamu, wenzake walipita, na pakiti ndogo za mchapaji zilifika upesi bila alama yoyote ya upendeleo.

Wapo watakaosema mtandao wa kuigiza si intaneti. Ni kweli, Sally Floyd na Vern Paxson walionya hivyo mwaka 2001. Ila uigaji hauhitaji kutabiri kesho ili ufae: hulinganisha kanuni mbili katika mazingira yaleyale, jambo gumu kwenye mtandao unaotumika. Wengine watasema tupanue njia tu. Kufanya hivyo huhamishia msongamano kwenye kiungo chembamba kinachofuata, mara nyingi ruta ya nyumbani. Ndiyo maana kanuni ya foleni iitwayo FQ-CoDel, iliyoandikwa katika RFC 8290 mwaka 2018, bado hutawanya mitiririko ya data kwenye foleni, kwa kawaida 1,024, na kuzihudumia kwa zamu. Kipaumbele hufaa kwenye mtandao wa kampuni moja, ambako mwenye ruta ndiye anayebandika alama. Wanapokutana wasiojuana, cheo hughushiwa kwa urahisi kuliko zamu.