Radi, Waya na Mashine ya Mpunga

Fungueni madaftari, kisha sikilizeni.

Ninyi mnaokaa Bondeni, Kyela, mnaijua radi kuliko watu wengi. Mvua ya kwenu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili ngurumo husikika usiku kucha. Asubuhi mwenye mashine ya kukoboa mpunga hubonyeza swichi, na mashine haisemi neno. Jirani husema, "Ni radi." Labda ni kweli, labda si kweli. Tutajuaje?

Habari hii ni ya zamani. Mwezi Septemba 1859 jua lilirusha dhoruba kubwa, hata nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani zikajaa umeme usiotiwa na mtu. Makarani wengine walipigwa na umeme kazini mwao. Wengine walifungua betri zao, na habari zikaendelea kupita kwa umeme wa mbinguni peke yake! Hapo ilionekana wazi kwamba waya mrefu huokota umeme wa nje.

Waya wa namna hiyo ulifika hata kwa jirani zetu. Kampuni ya Cecil Rhodes ilifikisha telegrafu Blantyre mwaka 1895, kisha ikaendelea kaskazini mpaka Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Mafundi wa telegrafu walikuwa na kinga yao: vibao viwili vya chuma vinavyokaribiana bila kugusana, kimoja kimefungwa kwenye waya wa njiani, kingine ardhini. Radi ikija huruka kutoka kibao hiki hadi kile, ikazama ardhini. Fundi akiona madoa ya kuungua juu ya vibao, alijua radi imepita.

Vyombo vya siku zile vilikuwa vigumu, sumaku na nyaya za shaba. Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa Marekani, na tangu hapo visanduku vya kuendeshea mota vikawa vidogo na werevu, lakini dhaifu. Relei ya zamani ilistahimili pigo la ghafula. Transista ndogo huweza kufa kwa makumi machache tu ya volti. Mimi naona werevu huo tuliununua ghali.

Sasa turudi kwenye mashine yetu. Umeme wa kawaida ni volti 230. Waya wa nyutro ukikatika, nyaya za fezi zikabaki nzima, nyumba moja huweza kupata karibu volti 400, na jirani yake akapata kidogo. Basi uliza kwanza: jana usiku taa za nani ziliwaka kupita kiasi, na za nani zilififia? Jibu hilo lina nguvu kuliko ngurumo. Radi hupiga mara moja, hupasua vipande vya bodi na kuacha mistari myeusi, na mara nyingi huingia hata kwa waya wa antena. Volti iliyozidi kwa muda huchemsha: kapasita huvimba, na varista, kile kidonge bapa kilicho karibu na fyuzi, huungua.

Fundi mwenye haraka hubadili fyuzi na bodi, akawasha. Kama nyutro bado imekatika, bodi mpya nayo huungua, mwenye mashine hulipa mara ya pili, na mpunga wa watu unalala kwenye magunia. Fundi mwangalifu huchomoa mashine, akapima soketi kwa mita. Ikisoma 300, haigusi bodi. Huwaita watu wa umeme waje watazame nguzo.