Berea, Chuo Kilichofukuzwa Mara Mbili

John Gregg Fee alizaliwa mwaka 1816 kaskazini mwa Kentucky, Marekani, katika nyumba yenye watumwa. Alikwenda Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, kusomea uchungaji, akarudi adui wa utumwa, na babaye akamkana. Mwaka 1853 tajiri mmoja wa wilaya ya Madison, Cassius Marcellus Clay, alimpa ekari 10 karibu na mahali milima inapoanzia. Clay naye aliupinga utumwa, ila kwa namna yake: alikuwa mtu wa kisu na bastola. Fee, ambaye silaha yake ilikuwa Biblia, akapaita Berea, yaani Beroya ya kitabu cha Matendo ya Mitume, na mwaka 1855 akafungua shule ya chumba kimoja.

Alitaka chuo ambacho Mweusi na Mzungu, mwanamume na mwanamke, wangekaa benchi moja, kama ilivyokuwa Oberlin kule Ohio. Oberlin ilikuwa katika jimbo huru. Berea ilizungukwa na mabwana wa watumwa.

Oktoba 1859 mpinga utumwa John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry, na Kusini nzima ikaingiwa na hofu. Wakati huo Fee alikuwa Brooklyn akichangisha fedha, na maneno aliyoyasema kanisani juu ya Brown yakafika Kentucky yamepindishwa. Desemba hiyo wapanda farasi wapatao 60, wenye silaha, waliingia Berea na kuwapa walimu siku 10 wawe wameondoka. Wakakimbilia Ohio. Huko ndiko kufukuzwa kwa kwanza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimrudisha Fee Kentucky kwa njia ya kambi ya jeshi iitwayo Camp Nelson. Watumwa walimiminika huko kujiandikisha, maana askari alikuwa huru, na wake na watoto wao wakawafuata. Novemba 1864 jeshi liliwatoa nje ya kambi watu wapatao 400, wengi wanawake na watoto, katika baridi kali, na vibanda vyao vikavunjwa. Waliokufa ni 102. Fee alifanya kazi miongoni mwa familia hizo, na vita vilipokwisha akazialika Berea zinunue ardhi na kusomesha watoto.

Shule ilifunguliwa upya mwaka 1866. Siku walipoingia watoto watatu Weusi, Wazungu wengi walibeba vitabu vyao wakatoka. Fee hakuwabembeleza. Hesabu ya mwaka huo wa masomo inaonyesha wanafunzi 187: Weusi 96, Wazungu 91. Kwa zaidi ya miaka 20 uwiano wa karibu nusu kwa nusu ulidumu, na kati ya walimu wa siku zile alikuwemo Julia Britton, mwanamke Mweusi, aliyewafundisha muziki hata Wazungu. Shahada za kwanza zilitolewa mwaka 1873.

Mwaka 1892 akaja William Goodell Frost kuwa rais wa chuo. Alikuwa hodari wa kuomba fedha, na aligundua kwamba matajiri wa Kaskazini walifungua mikoba upesi zaidi wakisimuliwa habari za Wazungu maskini wa milima ya Appalachia. Mwaka huo chuo kiliacha kutoza ada ya masomo, na hakijaitoza tena mpaka leo. Badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi, sasa si chini ya saa 10 kwa wiki. Msomaji aliyepitia Elimu ya Kujitegemea nchini Tanzania asifikirie jembe tu. Wako wanaofuma blanketi, wanaochonga mbao, na wanaopokea wageni Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa mwaka 1909. Karakana ya fagio ndiyo inayonivutia zaidi. Fagio zake hutokana na aina ya mtama unaolimwa kwa ajili ya mashuke marefu, si nafaka. Mashuke hulowekwa yalainike, yakafungwa kwa waya kwenye mpini, yakabanwa yawe bapa, kisha yakashonwa kwa uzi. Anayeshona huenda saa moja baadaye akawa darasani anajadili Plato. Hicho ndicho chuo cha sanaa huria: falsafa, hisabati, historia na muziki kwanza, utaalamu mwembamba baadaye. Kila Oktoba kuna siku moja ambayo vitabu hufungwa, chuo kizima kikapanda mlima.

Lakini uwiano wa Weusi na Wazungu ulivunjika. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 Weusi hawakufika mmoja kati ya watano. Mwaka 1903 alihitimu Carter G. Woodson, ambaye baadaye angeanzisha juma la historia ya Weusi, na mwaka uliofuata mbunge wa jimbo Carl Day wa wilaya ya Breathitt akapitisha sheria ya kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi. Faini kwa chuo ilikuwa dola 1,000, na tawi la Weusi, kama lingekuwepo, lilipaswa kuwa umbali usiopungua maili 25. Berea kilikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky, alipinga hukumu hiyo.

Kwa hiyo Weusi waliondoka. Huko ndiko kufukuzwa kwa pili. Chuo kiliwalipia wengi nauli kwenda vyuo vya Weusi kama Fisk na Hampton, kisha kikachangisha fedha za kujenga Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912 karibu na Louisville. Andrew Carnegie alitoa dola 200,000. Lakini Lincoln Institute haikuwa chuo kamili, na wazazi walijua.

Historia nyingi humtupia Day lawama zote. Mimi naona mlango ulikuwa umeegeshwa tangu mwaka 1892. Day aliupiga komeo tu, na aliyeuegesha alikuwa na nia njema na daftari la wafadhili mkononi.

Sheria ililegezwa mwaka 1950, na Berea kikapokea Weusi mwaka uleule. Wa kwanza wao alipata shahada mwaka 1954, miaka 50 baada ya Sheria ya Day.