Modhera: hekalu la Jua lisilo na waumini lakini lenye walinzi

Jina la Gujarat si geni kwetu watu wa Pwani. Majirani zetu wengi wa Mombasa, Mabohora kwa Wahindu, asili yao ni huko, na kabla yao majahazi yalileta nguo na shanga za akiki kutoka bandari ya Khambhat kwa karne nyingi. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua walichojenga watu wa Gujarat kwao wakati miji yetu ya mawe ilipokuwa inaanza kuinuka. Leo tutazame jengo moja tu: Hekalu la Jua la Modhera.

Modhera ni kijiji katika wilaya ya Mehsana, kilomita kama 100 kaskazini mwa jiji la Ahmedabad, kando ya mto Pushpavati. Hekalu lilijengwa zama za mfalme Bhima wa Kwanza, wa ukoo wa Chaulukya ambao pia huitwa Solanki. Ukutani kuna maandishi ya mwaka 1083 kwa hesabu ya Kihindi, yaani 1026 au 1027 Miladia. Ni wakati huohuo ambapo jeshi la Mahmud wa Ghazni lilivamia hekalu la Somnath, katika Gujarat hiyohiyo.

Jengo lina sehemu tatu, zote zimepangwa kwa mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi.

Ya kwanza ni birika kubwa la mstatili, lenye urefu wa mita 53 na upana wa mita 36 hivi. Pande zote nne zina ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na katikati ya ngazi hizo mna vihekalu vidogo ambavyo kwa desturi huhesabiwa 108. Muumini alijitakasa kwanza, kisha ndipo akapanda kuingia ndani. Yeyote aliyezoea kutia udhu kwenye birika la msikiti ataelewa mpango huu bila kufafanuliwa.

Ya pili ni ukumbi wa mikusanyiko, ulio wazi pande zote na unaobebwa na nguzo 52. Watu wa huko husema ni idadi ya majuma ya mwaka. Nguzo zimechongwa kutoka chini hadi juu: wacheza ngoma, wapiga ala, na visa vya Ramayana na Mahabharata.

Ya tatu ni hekalu lenyewe, lenye chumba cha ndani kilichowekwa sanamu ya Surya, mungu wa jua wa Wahindu. Mlango unaelekea mashariki, na mafundi walipima kiasi kwamba siku ambazo usiku na mchana hulingana, mwezi Machi na Septemba, miale ya jua linapochomoza hufika hadi chumba hicho. Kwenye kuta, Surya amechongwa mara nyingi akiwa amevaa viatu vya kufika magotini, vazi lisilo la kawaida kwa miungu ya Kihindi. Wataalamu huona hapo athari ya Uajemi. Kumbe hata wao walikuwa wakipokea vya wageni, kama sisi.

Leo mnara uliokuwa juu ya hekalu haupo, wala sanamu haipo. Masimulizi mengi huyataja majeshi ya Waislamu wa Delhi, walioiteka Gujarat mwishoni mwa karne ya 13. Wengine hutaja matetemeko ya ardhi. Kama lililovunjwa lilivunjwa na wenzetu wa dini, hatuna haja ya kulificha. Historia haichagui.

Ibada haifanyiki tena Modhera. Hata hivyo, idara ya mambo ya kale ya India inalilinda jengo, kila Januari hufanyika tamasha la ngoma mbele yake, na mwaka 2022 liliingizwa kwenye orodha ya India ya maeneo yanayosubiri kupelekwa UNESCO. Mwaka huohuo kijiji kilitangazwa kuwa kinatumia umeme wa jua mchana na usiku. Jua limerudi Modhera kwa njia nyingine.

Sasa turudi nyumbani. Julai 2024 mji wa kale wa Gede, kule Kilifi, uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia, na kikao kilichopitisha uamuzi huo kilikaa New Delhi. Gede nayo ina msikiti mkuu usio na adhana, na visima visivyo na mtekaji. Ina bahati, kwa sababu ina ua na walinzi. Lakini ziko gofu nyingine za Pwani, misikiti na makaburi ya wazee wetu, ambazo hazina hata kibao. Kwa macho yangu nimeona mawe ya matumbawe ya ukuta wa kale yakipakiwa kwenye lori kwenda kujengea choo, na sote tuliokuwapo tukanyamaza.

Mimi si Mhindu wala siliabudu jua. Ila najiuliza: ikiwa watu wanaweza kulitunza hekalu lisilosaliwa na mtu, sisi tuna udhuru gani kwa misikiti ambayo babu zetu waliswali ndani yake? Mwacha asili ni mtumwa.