Kabla Hujamlaumu Mama

Sokoni Mwingi au Wote, salamu ndiyo hufungua kila kitu. "Wĩ mũseo?" Mtoto asipojibu, akaangalia pembeni akizungusha kifuniko cha chupa, macho yote humgeukia mama. Kuna watakaonong'ona ũoi, yaani uchawi. Wengine watauliza alifanya nini akiwa na mimba. Kesi imeshaamuliwa.

Lakini lawama hii si ya Ukambani peke yake. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore alieleza habari za watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji. Alisema walizaliwa nayo, ila akataja pia ubaridi wa wazazi wao. Mwaka 1967, Bruno Bettelheim wa Chicago akaenda mbali zaidi: mtoto hujifungia ndani yake kwa sababu mzazi hamtaki. Huyo hakuwa mganga, jameni. Alikuwa profesa.

Mapacha ndio waliovunja kesi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha Uingereza. Kati ya jozi 11 za wanaofanana kabisa, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna. Kila jozi ililelewa na mama mmoja, kwa hivyo malezi hayangeeleza tofauti hiyo. Urithi ungeweza.

Leo tunajua usonji huanza ubongo ukijengeka, kabla ya kuzaliwa. Hakuna kona moja iliyoharibika. Kusoma uso, sauti na nia ya mtu ni kazi ya sehemu nyingi za ubongo zinazoshirikiana, na kwa wenye usonji ushirikiano huo huenda tofauti. Kwa baadhi yao, kukutazama machoni ni kama kelele ya matatu sikioni.

Mwaka 2012, Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliongeza jambo: kutoelewana kuna pande mbili. Sisi pia hatuwasomi wao.

Makueni, katika miaka ya 2010, watafiti waliwaketisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya kuzungumzia afya ya akili. Huo ni mwanzo mzuri, maana mama akitafuta majibu, mara nyingi hao ndio anaowaendea.

Na wewe pale sokoni? Usimkodolee mama macho. Subiri kidogo. Pengine mtoto atakusalimu kwa njia yake, kwa kukuonyesha kile kifuniko.